Chupa ya chai ya usiku haina majani ya chai

Nyumbani kwetu hapa Mtwara mjini, kile tunachokunywa baada ya swala ya Isha kimebadilika, na majirani wameshaona. Wateja wanaoniletea vitambaa vya kushona nao wanauliza: "Dada, mama siku hizi unampa nini? Zamani nikipita alfajiri namkuta kashakaa kibarazani, sasa hivi kimya." Nimejibu mara nyingi juu kwa juu huku mguu uko kwenye cherehani. Leo nakaa chini nijibu vizuri.

Mama yangu amehamia kwangu kutoka Newala. Anayeijua Newala anajua kipupwe cha kule juu uwandani: mwezi wa sita na wa saba jioni inaingia na ukungu, na chai ya rangi ndiyo blanketi la kwanza. Kwa hiyo alikuja na desturi yake. Wanga wa jioni ukiwa ni muhogo wa kuchemsha, pembeni lazima iwe chai ya rangi iliyokolea mpaka imekuwa nyekundu, sukari vijiko vinne, kikombe kikubwa cha bati, kisha kikombe cha pili. Halafu saa nane za usiku nasikia kandambili zinaburuzika ukumbini. Anafungua mlango wa uani, anarudi, anawasha redio kwa sauti ya chini. Asubuhi macho mazito, kichwa kinamgonga, na mchana anasinzia kwenye mkeka hadi adhuhuri inampita.

"Uzee huo, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Usingizi wa mzee ni wa mang'amung'amu."

Ni kweli kwamba umri ukienda usingizi unakuwa mwepesi. Lakini sikukubali kwamba yote ni uzee, na bado sikubali. Wazee wetu wengi wanahesabu mbao za dari usiku kwa sababu ya kile kilichomo kikombeni, na hakuna anayewaambia, kwa kuwa chai kwetu haihesabiki kama kitu cha kukesha. Kahawa tunaiogopa kidogo. Chai tunampa hata mtoto wa chekechea.

Majani ya chai yana kafeini, ile ile ya kwenye kahawa. Kikombe cha chai ya rangi kina kama nusu ya kafeini iliyomo kwenye kikombe cha kahawa cha ukubwa huo huo, na ukiyachemsha majani jikoni kwa muda mrefu kama tufanyavyo sisi, inapanda. Mwili unapokuwa macho mchana kutwa, ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, na kadiri kinavyojaa ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Kafeini inakwenda kukaa mahali pale ambapo adenosini ilitakiwa ikae. Uchovu upo, ila ubongo hausikii habari yake. Na haitoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida, inachukua kama saa tano hivi nusu yake kuisha mwilini. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano za usiku nusu bado unayo. Mama alikuwa anakunywa saa mbili, vikombe viwili, hivyo piga hesabu mwenyewe. Wajawazito ndio zaidi, maana miili yao inaitoa polepole mno, hasa miezi ya mwisho. Mjamzito anayelalamika halali, mwulize kwanza chai ya mwisho kanywa saa ngapi.

Sasa, mzee humwambii "acha chai" ukaishia hapo. Nimeona watu wanafanya hivyo na mzee ananuna, na ana haki. Ile chai si kafeini peke yake. Ni kikombe cha moto mkononi, ni muda wa kuketi na mwanawe baada ya pilika za siku, ni kuulizana fulani wa Kitangari kapona, mahari ya mtoto wa fulani imefikia wapi. Ukiiondoa chupa mezani umeondoa na hayo. Kwa hiyo chupa nikaiacha palepale, kikombe chake cha bati kilekile, saa ileile. Nilichobadilisha ni kilichomo ndani, na nilimwambia wazi, sikumfanyia kwa siri. Chai yake ya rangi anayo asubuhi na saa nne, na mpaka saa nane mchana akitaka. Baada ya hapo majani ya chai hayaingii sufuriani.

Tulianza na mchaichai, kwa sababu upo uani na hauna gharama. Anayedhani mchaichai ni wa kutia harufu tu kwenye chai ajaribu kuunywa wenyewe. Nakata majani matatu au manne marefu (tumia kisu, kingo zake zinachana vidole kama huna habari), nayakunja, nayafunga fundo, nayaponda kidogo kwa mpini wa mwiko ili mafuta yake yatoke. Maji yakichemka natumbukiza fundo, naepua papo hapo, nafunika na kusubiri kama dakika kumi. Usiliache kwenye moto likachemka muda mrefu, linakuwa chungu na harufu inaishia hewani. Ukifunua, rangi ni ya kijani iliyopauka inayoelekea njano, na mvuke wake unafika mpaka chumbani. Ninaweka kijiko kimoja cha asali kwa kikombe, basi. Asali hiyo ni kwa wakubwa. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba, inaweza kumletea sumu ya hatari.

Wengi wanasema mchaichai unaleta usingizi. Nakwambia nilichosoma: watafiti wa Brazil, ambako watu nao wanaunywa sana wakiamini hivyo hivyo, waliwanywesha watu miaka ya 1980 wakawapima, na hawakuona kwamba unalaza kuliko kinywaji kingine. Hilo halinipunguzii imani hata chembe, kwa sababu kazi niliyoupa mchaichai si kumlaza mama. Nimeupa kazi ya kukaa mahali pa majani ya chai, na hiyo unaiweza vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua. Una harufu, una rangi, una moto, unakubali asali, na kafeini hauna.

Kuna na wale wanaonishauri maua ya kamomili, yale ya vipakiti yanayouzwa kwenye maduka makubwa. Ni mazuri, yamesifiwa kwa usingizi nchi nyingi, na hayana kafeini. Mtu anayeyapenda anywe. Mimi mama yangu aliyanusa akarudisha kikombe.

Maziwa ya moto ndiyo kila mtu anayataja. Yana kitu kinaitwa triptofani ambacho mwili unakitumia kutengeneza vichocheo vya usingizi, lakini kikombe kimoja kina kidogo tu, usitegemee kikuangushe. Faida yake naiona zaidi kwenye kushiba: mtu aliyekula chakula cha jioni mapema hataamshwa na njaa saa tisa. Kwa maziwa napenda iliki mbili zilizopondwa na kungumanga iliyokwanguliwa kidogo sana. Hapo kwenye kungumanga nataka nisimame. Bibi zetu waliitumia kutuliza, na unga unaokaa kwenye ncha ya kisu hauna ubaya. Ila kuna watu wanadhani wakizidisha watalala zaidi. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya unga wa kungumanga vinaweza kumfanya mtu moyo umwende mbio, kinywa kimkauke, atapike na aone visivyokuwepo. Kwenye kikombe cha mtoto mimi siiweki kabisa.

Shida ni kwamba maziwa ya ng'ombe hayampendi mama. Yakimwingia tumbo linaunguruma na gesi inajaa, na hayuko peke yake. Watu wazima wengi wa kwetu miili yao haiyeyushi sukari ya maziwa. Halafu sisi watu wa kusini ufugaji wa ng'ombe si jadi yetu hivyo, maziwa mabichi unayatafuta. Tunacho nini tele? Korosho.

Hapa nitakawia, kwa sababu nashangaa kwamba mkoa mzima unaishi kwa korosho na nyumba nyingi hazijawahi kuzinywa.

Chukua korosho zilizobanguliwa na kumenywa, mbichi, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Vipande vinatosha na bei yake ni nafuu kuliko korosho nzima. Nenda kwa akina mama wanaobangua, watakupimia. Usijaribu kupasua mwenyewe nyumbani kama hujui, mafuta ya ganda yanababua ngozi, na wote tumeona mikono ya wabanguaji wasio na glavu. Kiganja kimoja kilichojaa kinafanya vikombe viwili. Loweka kwenye maji safi kuanzia adhuhuri. Ikifika magharibi, ukiibonyeza korosho kwa kucha inakatika bila ubishi, imekuwa laini kama jibini. Mwaga maji yale, suuza, saga kwenye blenda na vikombe viwili vya maji mapya. Umeme ukiwa umekatika, kinu kipo: twanga kwanza mpaka iwe uji mzito, ndipo uongeze maji kidogo kidogo huku unakoroga. Ya kinu inabaki na chengachenga, ipitishe kwenye kitambaa cha kuchujia tui.

Injika kwenye moto mdogo na kijiti cha mdalasini, iliki mbili na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Usiondoke jikoni. Mwanzoni ni maji meupe mepesi na povu juu, unaona kama hakuna kitakachotokea. Kisha ghafla, kabla hata hayajachemka sawasawa, wanga wa korosho unakaza: mwiko unaanza kuwa mzito mkononi, povu linazama, na weupe ule unageuka rangi ya maziwa ya mtindi wa siku mbili. Hapo ndipo yanaposhika chini ukiacha kukoroga. Yakishaupaka mwiko mgongoni, epua. Yakiwa mazito kuliko unavyotaka, ongeza maji moto. Sukari siweki, korosho ina utamu wake. Mwenye kutaka aweke tende moja wakati wa kusaga.

Mara ya kwanza kumpa mama, alinywa nusu bila kusema neno, akaniangalia. "Korosho hizi? Tumeuza magunia na magunia, mwanangu. Hatukujua zinanyweka."

Korosho ina madini ya magnesiamu kwa wingi, karibu miligramu 290 katika kila gramu 100, na magnesiamu ni katika madini yanayosaidia misuli na mishipa ya fahamu kutulia. Sisemi kikombe kimoja kinatibu kukosa usingizi. Nasema kinashibisha bila kulemea, hakina kafeini, hakimsumbui tumbo asiyepatana na maziwa ya ng'ombe, na kimetoka shambani kwetu. Mwenye mzio wa korosho au karanga za aina hiyo asiguse. Na yasilale nje. Yaliyobaki yaweke kwenye friji uyamalize kesho yake, la sivyo mwaga.

Tangawizi ni nzuri kwa baridi na mafua, lakini ikiwa kali usiku inawasha kifua kwa mwenye kiungulia, na kiungulia ni adui wa usingizi. Kipande kidogo kwenye mchaichai kinatosha. Kakao nayo ina kafeini kidogo, watoto wapewe mapema.

Moto wa kikombe una maneno yake. Wazee wetu wanapenda chai inayounguza ulimi, kwamba ikipoa si chai tena. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba kunywa vitu vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda kunasababisha saratani ya koo la chakula. Ninachofanya ni kumimina kutoka kwenye chupa kisha kuacha kikombe mezani wakati tunaondoa vyombo vya chakula. Unapokishika kwa viganja viwili bila kuhamisha vidole, kinanyweka.

Na saa. Mama analala saa nne, hivyo kikombe chake ni saa mbili ileile, kikombe kimoja, wala si kile kikubwa kujaa pomoni. Akinywa saa nne kasoro, kibofu kitamwamsha saa saba na kazi yote imepotea. Hilo la kibofu lilikuwa na sababu nyingine pia, na nalisema kwa sababu linaweza kumsaidia mtu: mama anameza vidonge vya presha, na kimojawapo ni kile kinachotoa maji mwilini. Alikuwa anakimeza usiku. Tulipomweleza daktari kwamba anaamka kukojoa mara kwa mara, akamwambia kile akimeze asubuhi. Usibadilishe saa za dawa zako kwa kusoma hapa, nenda kaulize, lakini uliza. Vilevile anayekoroma mpaka pumzi inakatika, anayeamka na huzuni isiyoisha, au mwenye kiu na kukojoa kupita kiasi, huyo hahitaji mchaichai, anahitaji kupimwa. Na vile vidonge vya usingizi ambavyo watu wanavinunua kimyakimya bila cheti, kwa mzee ni hatari, anaweza kuamka usiku akaanguka.

Kuna anayesema, Novemba Mtwara joto lote hili, kabla mvua hazijaanza, ninywe kitu cha moto? Kunywa. Mwili ukielekea kulala unashusha joto lake la ndani, na damu inakwenda mikononi na miguuni kulitoa nje. Kikombe cha vuguvugu kinakutoa kijasho chembamba, upepo wa dirishani ukikipiga unapoa. Mama akimaliza kikombe anaoga maji ya uvuguvugu, anajifunga kanga kavu, anakaa kidogo na tasbihi yake. Sijui nani aliwafundisha wazee wetu kuoga usiku maji ya uvuguvugu, lakini walifundishwa vizuri.

Kibarua kigumu kimebaki kwa wanaume. Wale wa kahawa ya barazani, vikombe vile vidogo na kashata, kuanzia magharibi mpaka wamalize siasa zote. Baba mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa heshima zake, ananiambia yeye kahawa haimzuii kulala. Inawezekana anasinzia haraka kwa kuwa kazoea. Lakini usingizi wake unakuwa wa juujuu, na mkewe anajua anavyogeukageuka. Nimempelekea mchaichai kwenye chupa ndogo akautie kwenye vikombe vilevile vya kahawa. Anaunywa cha mwisho, baada ya vitatu vya kahawa. Tutafika.

Na msimu wa mabibo ukifika kuna uraka, pombe ya matunda hayo ya mkorosho. Kuna nyumba nyingi wanaamini uraka unalaza. Unaangusha, ndiyo, ila pombe inavunja usingizi nusu ya pili ya usiku: mtu anazinduka saa tisa, kinywa kikavu, moyo unadunda, na hapo halali tena. Mjomba wangu wa Tandahimba alikuwa mtu wa namna hiyo kila msimu, na kwetu mjomba si mtu wa kumsemea hovyo. Alipokuja kumjulia hali dada yake, nilimpa shikamoo, nikamtengea maji ya kuoga, na usiku nikamwekea kikombe cha korosho mbele yake bila mahubiri. Alilala kwenye kochi la ukumbini mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi akaniita.

"Mwanangu, korosho ninazo. Hilo jani lenu la harufu ndilo sina."

Nimemng'olea mashina manne yenye mizizi, nikayakata majani juu yabaki urefu wa kiganja, nikayafunga kwenye gunia bichi ili yasinyauke garini. Ayapande pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, kwa sababu kule uwandani maji ni shida na mmea huu haudai mengi ukishashika. Baada ya miezi michache aanze kukata majani ya nje, ya katikati ayaache yaendelee kuchipua. Anayetaka mbegu hapa mjini aje na mfuko wake, ila aje jioni, mchana nina nguo za harusi za watu.